Mashine ya Baba na Wembe Wake

Marehemu baba alituachia mashine ya kunyolea, ile ya shaba inayofunguliwa kwa kuzungusha mpini. Tulipoifungua tulikuta wembe wake wa mwisho umeshika kutu. Mashine tuliiloweka katika maji ya moto na sabuni, tukaisugua kwa mswaki mkuukuu, ikang'aa. Wembe nao tulitaka uwe ukumbusho, lakini tukaogopa watoto wasije wakajikata. Tukautumbukiza chooni.

Je, tulimdharau baba? Hapana. Mashine hutengenezwa idumu, wembe ubadilishwe.

Wazazi walituachia imani. Wakatuachia na chuki juu ya majirani waliokosana nao kule nyumbani. Imani tuisafishe, tuitumie. Chuki tusiwarithishe watoto waliozaliwa hapa kambini. Someni Ezekieli 18:20, kisha kila mmoja ajiulize: nimeficha wembe gani? Amina.