Faraja Tuliyopewa Ni ya Nani?

IJUMAA

Soma 2 Wakorintho 1:3–7 na 1 Wafalme 19:1–8.

Mwaka 1961 msichana wa miaka 17 kutoka Tulsa, Marekani, alilazwa katika hospitali ya magonjwa ya akili mjini Hartford. Jina lake ni Marsha Linehan. Alikuwa akijidhuru na kutamani kufa, na alikaa humo zaidi ya miaka 2. Akiwa katika giza hilo alimwekea Mungu nadhiri: akitoka shimoni, atarudi kuwatoa wengine.

Alitoka. Alisoma saikolojia, akawa profesa mjini Seattle, akabuni tiba inayotumika leo katika nchi nyingi kuwasaidia wanaotaka kujiua. Tiba hiyo hushika mambo mawili pamoja: kumpokea mtu jinsi alivyo, na kumfundisha stadi za kuyabadili maisha yake. Kilichomsukuma hakukieleza hadharani mpaka mwaka 2011, alipozungumza katika hospitali ile ile.

Je, Mungu alimletea maumivu hayo ili apate mtumishi? Paulo hafundishi hivyo. Anasema kwamba Mungu hutufariji katika dhiki zetu, ili nasi tuweze kuwafariji walio katika dhiki. Dhiki ni ya ulimwengu huu wa dhambi. Faraja ndiyo inayotoka kwa Mungu. Wala faraja hiyo si mali ya aliyeipokea. Ni amana aliyokabidhiwa kwa ajili ya mwingine.

Amana hudai bidii. Linehan hakutosheka na nia njema. Alitumia miaka mingi kujifunza ni nini hasa kinachomsaidia mtu aendelee kuishi. Sisi kanisani mara nyingi humwambia aliyekata tamaa, “Omba zaidi.” Lakini Eliya alikuwa mtu wa maombi, na chini ya mretemu ombi lake lilikuwa afe. Malaika hakumkemea. Alimgusa, akampa mkate na maji. Eliya akalala tena, na malaika akarudi mara ya pili.

Ndugu yako anaweza kuketi karibu nawe Sabato hii akiwa chini ya mretemu wake. Kumwuliza waziwazi kama anafikiria kujiua hakumtii wazo hilo moyoni; mara nyingi humfungulia mlango wa kusema. Akikubali, usimwache peke yake. Mfikishe hospitalini, mwombee, kisha rudi kumwona tena.

Maswali ya Kujadili:

1. Ni faraja gani uliyopokea kwa Mungu ambayo bado hujamfikishia mwingine?

2. Kwa nini mshiriki aliyekata tamaa huogopa kusema hivyo darasani mwetu? Tubadili nini?

3. Malaika alimhudumia Eliya kwa chakula na usingizi kabla ya safari kuendelea. Jambo hili linatufundisha nini kuhusu uhusiano wa maombi na matibabu?