Kanuni ya Risasi

Risasi ya kwanza iliingia nusu, ikasimama. Mfuniko wa juu wa bastola, ule unaorudi nyuma na kwenda mbele, ulibaki wazi kwa upana wa ukucha. Nikafanya afanyavyo kila mwenye haraka: nikaupiga kwa kiganja. Ukafunga, kisha ukakataa kufunguka. Nilipouvuta kwa nguvu likatoka ganda peke yake. Baruti ikamwagika kama ufuta ndani ya bastola, na kichwa cha risasi kikabaki kimenasa mtutuni. Watu wa meza za jirani pale uwanja wa shabaha wakanitazama kwa huruma anayopewa mtu aliyeunguza wali wa shughuli.

Nilikuwa nimezitengeneza mwenyewe, mia moja na ushei. Jirani yangu hapa Ohio, mzee aliyepigana Vietnam, ndiye aliyenifundisha. Unaokota maganda yaliyokwisha kupigwa, unayapitisha kwenye kalibu yarudi umbo lake, unayatia fataki mpya na baruti iliyopimwa, unakandamizia kichwa juu, unabana mdomo wa ganda. Mimi ni mkereza vyuma. Mchana kutwa napima vitu kwa sehemu ya elfu ya inchi, na jioni napumzika kwa kupima vitu kwa sehemu ya elfu ya inchi. Mke wangu ana maneno yake kuhusu hilo.

Shangazi yangu wa Tanga alipopata habari alipiga simu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia unatengeneza risasi. Za nani?"

"Za karatasi tu, shangazi. Tunatoboa karatasi."

Akanyamaza kidogo. "Na hiyo karatasi imekukosea nini?"

Sijapata jibu zuri mpaka leo, na sitajifanya ninalo hapa.

Babu yangu kule Muheza alikuwa na gobori la kufukuzia nguruwe shambani. Gobori halina ugomvi wa aina yangu. Unashindilia baruti, unashindilia kitambaa, unatia kipande cha risasi, na kikipwaya kitambaa kitajaza nafasi. Zamani hata bunduki nzuri za Ulaya ziliuzwa pamoja na kalibu yake ya kusubia risasi, kila moja na yake, na risasi ya fulani haikuwa lazima imfae mwenzake. Neno kalibu tumelipata kwa Waarabu, na wanaisimu wengi wanasema lile neno ambalo Wazungu huitia upana wa mtutu lilitoka huko huko.

Risasi ya milimita 9 ni ya kizazi kingine. Georg Luger aliitoa mwaka 1902, na ile ya leo inayopigwa Ohio inatakiwa iingie pia katika bastola iliyotengenezwa ng'ambo na watu wasiojuana na aliyeijaza. Ndiyo maana vipimo vyake vimeandikwa. Hapa Marekani mwenye kuviandika ni chama cha watengenezaji kiitwacho SAAMI, kilichoundwa 1926, nacho kinasema urefu wote usizidi inchi 1.169. Zangu zilikuwa 1.150. Tena nilikuwa nimezipitisha zote kwenye geji, kile kijitungi cha chuma chenye tundu la umbo la ganda, na zote zilizama bila kinyongo. Nilikuwa ndani ya sheria kabisa, na bado mlango haukufungwa.

Nilimpelekea mzee, nikitarajia atailaumu bastola, maana ilikuwa mpya. Akaifungua, akautoa mtutu, akaushika wima mdomo ukitazama chini. "Geji yako ni huu," akasema. Risasi iliyo sawa ikidondoshwa humo hutoa mlio mmoja wa chuma kwa chuma, huzunguka kwa kidole bila kukwama, na ukiupindua mtutu huanguka yenyewe. Yangu iliingia kimya kimya, kama mtu aliyechelewa sala, ikaganda. Akapindua mtutu. Haikuanguka.

Akachukua kalamu ya wino mzito akaipaka nyingine nyeusi tangu kitako hadi nchani, akaitia, akaizungusha kidogo, akaitoa. "Usisukume," akasema. "Iulize inagusa wapi." Kumbe kila kosa lina alama yake. Wino ukifutika mdomoni mwa ganda, hukubana vya kutosha: ule upanuko ulioufanya ili kichwa kiingie bado upo. Ukifutika chini kidogo ya mdomo, umebana mno na ganda limetutumka. Ukifutika kiunoni upande mmoja tu, kichwa kimekaa mshazari. Ukifutika karibu na kitako, kalibu haikushuka mpaka chini. Wangu ulifutika kwenye bega la kichwa chenyewe, vialama vidogo vilivyoachana sawasawa, pale matuta ya ndani ya mtutu yanapoanzia. Bastola yangu ya zamani ina nafasi mahali hapo. Hii mpya matuta yake yanaanza mapema zaidi.

"Hujakosea," mzee akasema akijifuta wino vidoleni. "Na bastola haijakosea."

Maneno hayo yalininyima usingizi kuliko ile baruti iliyomwagika. Nimelelewa nikijua kwamba jambo lisipokaa sawa pana mwenye hatia, na kazi ya mtu mzima ni kumtafuta. Miaka mingi nyuma, Tanga, mwalimu mmoja alituazima kitabu cha Aristotle cha maadili, nami nikakisoma kwa kiburi cha ujana bila kuelewa nusu yake. Nikakirudia. Katika sehemu ya tano anasema sheria husema kwa ujumla, na mambo ya watu huja moja moja. Pale ujumla unapopunguka, kosa haliko kwa sheria wala kwa aliyeitunga, liko katika hali ya mambo yenyewe. Hapo panatakiwa uadilifu wa namna nyingine, unaojaza kilichopunguka. Kisha anatoa mfano wa waashi wa kisiwa cha Lesbos, waliokuwa na rula ya risasi inayojipinda kufuata umbo la jiwe. Kigiriki chake kwa rula hiyo ni kanon, neno lililopita kwa Waarabu likatufikia sisi likiwa kanuni. Kwa hiyo ukimfasiri neno kwa neno anasema: kanuni ya risasi. Nilicheka peke yangu saa nane za usiku.

Lakini mkereza vyuma hawezi kuipenda rula hiyo. Geji inayojipinda kiwandani kwetu hutupwa kwenye chuma chakavu siku hiyo hiyo. Na sisi watu wa pwani tuna sababu nyingine ya kuiogopa, maana tumelelewa kwa Imamu Shafii. Neno letu kiasi ni lile qiyas lake, kupima jambo geni kwa jambo linalojulikana, na alilifungia masharti. Wahanafi walipokubali istihsan, yaani kuuacha mlinganisho huo kwa kile mwanazuoni anachoona ni bora zaidi, Shafii aliandika kuipinga. Alifariki Misri mwaka 820, lakini namsikia vizuri kabisa. Kila mwashi akipinda rula yake afuate jiwe lake, nyumba itapimwa kwa nini?

Sasa niseme kilichokuwa moyoni wakati wote huo. Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na nyumba ya Ngamiani imeuzwa. Tumebaki watatu: mimi, mdogo wangu wa kiume, na dada yetu. Mafungu matano, mawili kwangu, mawili kwa mdogo wangu, moja kwa dada. Sheikh aligawa kwa dakika kumi na hakukosea hata senti. Jambo hilo halikuhitaji hata kiasi. Limo ndani ya Kitabu waziwazi, na sababu zake nazijua na nazikubali, kwamba mwanamume ndiye mwenye kubeba matumizi ya wenzake. Ila baba alilala na kiharusi miaka minne, na aliyemgeuza, akamwogesha, akamlisha uji kwa kijiko, ni dada. Mimi nilituma pesa ya kitanda. Wino ulikuwa umefutika na mahali nilipaona.

Kwa bastola zipo njia mbili. Yuko fundi mjini mwenye keekee maalumu ya kuyapunguza yale matuta mtutuni. "Akishakata hakirudi," mzee alinionya. Au unauacha mtutu ulivyo na kukishusha kichwa cha risasi ndani ya ganda. Nilikishusha mpaka inchi 1.100, kama milimita moja na robo tu, na risasi ikadondoka kwa mlio wake. Kwa mirathi nilifanya vivyo hivyo. Sheria sikuigusa. Mgao ulipokwisha nilichukua fungu moja katika mawili yangu nikampa dada kwa hiba, akawa na mawili, mimi moja.

Mzee alikuwa ameniambia jambo jingine, na kwa risasi nililifuata. Ukikishusha kichwa, nafasi ya baruti ndani ya ganda inapungua na shinikizo linapanda. Lazima upunguze baruti. Kwa hiba sikupunguza chochote. Nilitangaza kwa simu, wote wanasikia, sauti yangu imejaa wema. Mdogo wangu alikuwa amechukua mafungu yake mawili ya halali, na ghafla akaonekana mnyang'anyi kwa sababu ya ukarimu wangu. Tangu Mfunguo Mosi hajanipigia.

Dada alipiga siku tatu baadaye. Aliuliza hali ya watoto, akauliza baridi, kisha akauliza alichopigia.

"Kaka, hizi pesa ni hiba au ni haki yangu?"

"Hiba," nikasema haraka, maana ndivyo ilivyoandikwa kwenye karatasi.

"Haya. Maana kama ni hiba, nakushukuru, Mungu akuzidishie. Lakini kama ni haki yangu, nisingependa kukushukuru."

Aristotle analo jibu lake, na nililipita mbio usiku ule nilipokuwa nacheka: uadilifu ule unaojaza pengo hauko nje ya haki, ni haki vilevile. Shafii naye angenisomea mafungu matano na kunifungia mlango. Mkononi nilikuwa na venia ya kupimia, mezani risasi themanini na kitu bado zinangoja kushushwa moja moja. Nikamwambia dada mtandao unasumbua, nitampigia kesho. Mtandao haukuwa na tatizo lolote.