Mzigo wa Msafiri



Kila mwaka sikukuu ya Noeli inapokaribia na shule zinapofungwa, watu wengi wa huku Maramba, na wa vijiji vinavyotuzunguka chini ya milima ya Usambara ya Mashariki, huanza kufunga mizigo. Wengine huenda kuwaamkia wazee wao, wengine hushuka Tanga kutembea, na wengine, ambao zamani walikuwa wachache, huenda mahali fulani kwa kusudi la kupumzika tu. Jambo hilo si baya. Lakini leo twataka kusema neno juu ya wale wanaokwenda kutafuta furaha na kurudi wamenuna.

Tuanze na habari ya familia moja, ambayo wenyewe wameturuhusu kuisimulia bila kuwataja majina. Baba alikuwa ameuza machungwa yake kwa bei nzuri. Mke wake alimwomba sehemu ya fedha ipelekwe kwa mama yake mzazi, ambaye alikuwa mgonjwa. Mume akajibu kwamba mama atapelekewa fedha za mavuno yajayo, maana yeye amekwisha kuwaahidi watoto kwamba wataiona bahari. Alikuwa ameona katika simu picha ya nyumba ya wageni katika kijiji kimoja cha pwani: maji ya buluu, mchanga mweupe, na mnazi mmoja ulioinama. Basi akatuma fedha za chumba.

Safari ilikuwa kama safari zetu zilivyo. Gari lilichelewa, na lilipofika lilikuwa limejaa. Mtoto mdogo alikalishwa juu ya gunia la mtu, na kuku wa abiria mwingine wakamdonoa mama miguuni mpaka Mabokweni. Kijana mmoja aliwachezea watu wote muziki wa simu yake, wala hapana aliyemwomba. Walipofika, chumba walichoahidiwa kwamba kinatazama bahari kilitazama ukuta wa jiko. Na walipoteremka ufukoni mchana ule, bahari haikuwapo. Palikuwa na tope jeusi, mizizi ya mikoko, ngalawa zilizolala ubavu, na mstari mwembamba wa maji mbali sana. Watoto wakauliza: "Baba, bahari iko wapi?"

Baba akawaka hasira. Aligombana na mwenye nyumba, kisha akagombana na mke wake aliyemkumbusha habari za mama mgonjwa, na alasiri ile ile akaamuru mizigo ifungwe. Wakafika Maramba usiku. Kwa siku 9 mume na mke hawakusemezana ila kwa kuwatuma watoto. Siku ya Noeli waliketi mabenchi mbalimbali kanisani, wala hakuna kati yao aliyethubutu kwenda kupokea Komunyo Takatifu.

Wasomaji wetu wa pwani watakuwa wamekwisha kutabasamu. Wao wajua kwamba maji hupwa na kujaa mara mbili kila siku, na kwamba toka kupwa hata kujaa ni saa 6 na dakika chache. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hukimbia mbali zaidi, na yakirudi hupanda juu zaidi. Bahari ya kwenye picha ilirudi jioni ile ile mahali pake, lakini wale walioifuata walikuwa wamekwisha kupanda gari.

Tusiwacheke. Sisi nasi mara ngapi tumeondoka kwa hasira saa chache kabla ya maji kujaa? Mtu huja kutazama mapango ya Amboni, kilomita zipatazo 8 kaskazini ya mji wa Tanga. Amesikia tangu utoto kwamba njia yake ya chini kwa chini yafika hata Mombasa. Akikuta giza, popo na mawe ya chokaa, husema amedanganywa. Wala haangalii kwamba katika mawe ya namna hiyo karibu na Tanga, na katika misitu ya milima yetu wenyewe, huota ua dogo la zambarau ambalo wataalamu huliita Saintpaulia. Mwaka 1892 mtawala Mjerumani wa huku, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao, na leo watu wa Ulaya na Marekani hulitunza madirishani pao kama kitu cha thamani. Anayetafuta kile alichokichora moyoni mwake hupita juu ya kile ambacho Mungu amemwekea njiani.

Wengine watasema: kumbe ni afadhali Mkristo asipumzike, abaki na jembe lake. Sivyo. Mwenyezi Mungu mwenyewe alipumzika siku ya saba, akaitakasa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1965 juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo, unakubali kwamba nafasi ya mapumziko na hata matembezi ya kuona nchi nyingine humfaa mtu, humpa nguvu ya roho na mwili, na humfundisha kuwajua wenzake. Tena Bwana wetu Yesu Kristo aliwapa Mitume wake likizo, na habari yake yasimuliwa na Mwinjili Marko katika sura ya 6.

Mitume walikuwa wamerudi kutoka safari ya kuhubiri, wamechoka. Watu waliokuja na kwenda walikuwa wengi hata hawakupata nafasi ya kula. Bwana akawaambia waende naye peke yao mahali pasipo watu, wapumzike kidogo. Wakapanda chombo. Twaweza kufikiri jinsi walivyofurahi ziwani, wakitazama ukimya wa ng'ambo. Lakini watu waliwaona, wakakimbia kwa miguu kutoka miji yote, wakafika kabla yao. Mitume waliposhuka, mahali pale pa faragha palikuwa pamejaa watu kuliko kule walikotoka!

Hapo twaona mioyo ya namna mbili. Bwana Yesu, ambaye naye alikuwa amechoka, aliutazama umati, akawahurumia kwa kuwa walikuwa kama kondoo wasio na mchungaji, akaanza kuwafundisha. Mitume, jua lilipoelekea kutua, walimshauri awaage watu waende zao. Hatuwalaumu, maana walikuwa na njaa, na siku yao ilikuwa imeharibika. Bwana hakuwakemea. Aliwaagiza wao wenyewe wawape watu chakula. Mikate ilikuwa 5 na samaki 2, wanaume waliokula walikuwa 5000, na mabaki yakajaa vikapu 12. Kama pwani ile ingalikuwa tupu kama walivyotaka, Mitume wangalilala usingizi mzuri, wala wasingaliona muujiza ule. Na Bwana alipowaaga watu, alipanda mlimani peke yake kusali. Pumziko lake hakulipoteza. Alilingoja mpaka usiku.

Pengine mtu atasema kwamba huyo ni Mwana wa Mungu, sisi tu watu. Basi na tumtazame msichana wa miaka 14. Mwaka 1887 Mt. Teresa wa Mtoto Yesu alisafiri na baba yake kutoka Ufaransa mpaka Roma. Alikuwa na tumaini moja tu: kumwomba Baba Mtakatifu Leo XIII ruhusa ya kuingia utawani angali mdogo. Alipopiga magoti mbele yake, Papa alimwambia awatii wakubwa wake, na kwamba ataingia kama Mungu apenda. Teresa alipozidi kuomba, walinzi walimwinua, wakamtoa nje akilia. Safari ndefu namna ile, na jibu alilolifuata hakulipata. Lakini hakurudi na kinyongo. Mwezi wa Aprili mwaka 1888, alipokuwa na miaka 15, mlango ulifunguliwa.

Na huko ndani alikuta nini? Alikuta maudhi, kama yale ya gari letu. Mtawa mmoja aliyeketi nyuma yake wakati wa tafakari alikuwa akifanya kelele ndogo isiyokoma, hata jasho likamtoka Teresa kwa kujizuia asigeuke. Mwingine, walipokuwa wakifua nguo, alikuwa akimrushia usoni maji machafu. Teresa hakufanya jambo kubwa. Ile kelele aliisikiliza kama muziki, akamtolea Yesu. Yale maji aliyapokea, wala hakuonyesha uso wa kukunjamana. Alifariki mwaka 1897 akiwa na miaka 24, wala tangu aingie utawani hakusafiri tena. Lakini mwaka 1927 Kanisa lilimweka kuwa msimamizi wa misioni zote, pamoja na Mt. Fransisko Ksaveri, ambaye alivuka bahari mpaka Uhindi na Japani.

Basi, wapenzi, twajifunza nini? Twajifunza kwamba katika mizigo yote tunayofunga, mzito ni moyo wetu, na huo hatuuachi nyumbani. Aliyezoea kununa jikoni atanuna ufukoni. Asiyejua kumvumilia mkewe Maramba hatajua kumvumilia Tanga, wala Zanzibari, wala Roma. Maudhi madogo ya kila siku, yaani jirani mwenye redio ya usiku, mtoto aliyemwaga maji, mwenzetu wa benchi asiyejua kuimba na huimba kwa nguvu, hayo ndiyo shule ambamo moyo hufundishwa. Msalaba mkubwa huenda tukaupata mara moja au mbili maishani, lakini huu mdogo twaletewa kila asubuhi.

Hata hivyo tusidhani kwamba uvumilivu ni kunyamazia udhalimu. Anayepokea fedha ya mgeni kwa chumba cha bahari na kumpa chumba cha ukuta amevunja amri ya saba na ya nane, na mgeni ana haki ya kudai kilicho chake. Wakristo wanaoishi kwa kupokea wageni wakumbuke hesabu watakayotoa. Lakini aliyedhulumiwa na adai haki kwa maneno ya mtu mzima, asiwatoze mke na watoto deni la mwenye nyumba.

Twawashauri, kabla ya kufunga mizigo mwaka huu, mume na mke waketi pamoja waulizane: Je, kuna mtu anayetungoja ambaye safari hii yatupitisha mbali naye? Je, fedha hii ina mwenyewe mwingine mbele ya Mungu? Mkiisha kujibu kwa haki, nendeni kwa amani. Njiani, udhia wa kwanza utakapotokea, mtoleeni Mungu kabla hamjafungua kinywa. Na mkikuta maji yamekupwa, ketini chini mngoje.

Ile familia tuliyoitaja haikubaki katika tope lake. Baada ya sikukuu ya Epifania, baba alikwenda kwa padre akapokea kitubio. Aliporudi alimwomba mke wake msamaha mbele ya watoto. Kisha akauza mbuzi 2, wakaenda wote kumwona yule mama mgonjwa, wakakaa kwake siku 5. Gari lilichelewa kama kawaida yake. Walilala kwenye mikeka, mvua ikavuja, na jogoo wa jirani akawaamsha kabla ya alfajiri. Usiku bibi aliwasimulia wajukuu mambo ya ujana wake, na mkwe wake alikaa hapo akimshikia kikombe cha uji. Katika Kwaresima mama yule alifariki.

Baba huyo alituambia kwamba watoto wake hawajaiona bahari bado, na kwamba mwaka huu, Mungu akipenda, atawapeleka tena. Safari hii amekwisha kumwuliza mvuvi saa za maji.

Bwana wetu, aliyeutazama umati uliomharibia pumziko lake akauhurumia, atupe sote moyo kama wake, nyumbani na safarini, hata tufike katika lile pumziko lisilomdanganya mtu. Amina.