Nani wa Shamba?

Sisi watu wa Mjini Unguja tuna neno moja kwa kila kilichoko nje ya Mjini: shamba. Makunduchi shamba, Nungwi shamba, Kizimkazi nako shamba, ijapokuwa watu wake ni wavuvi. Nimekulia Shangani na neno hilo mdomoni, na nakiri halikukosa dharau. Historia, kwetu, ilikuwa Ngome Kongwe na Beit al-Ajaib, basi.

Kilichonitoa ujinga ni msiba. Nilikwenda kuzika Kizimkazi Dimbani, na adhuhuri tukaingia msikiti ambao ukiutazama kwa nje unaupita: kuta nyeupe, paa la bati. Baada ya sala mzee mmoja akaniona nimeganda mbele ya kibla. "Sogea, mwanangu. Tazama vizuri, usiguse."

Jiwe la matumbawe lilikuwa limechongwa herufi za Kikufi, zimepindana na kusukana kama ukili. Mimi na vyuo vyangu vyote sikusoma hata neno. Mzee akanitajia mwaka uliomo: 500 Hijria, yaani 1107.

Nikapiga hesabu palepale. Wareno walikuwa bado karibu karne nne. Beit al-Ajaib, iliyojengwa 1883, ilikuwa bado miaka 776. Msikiti wenyewe ulijengwa upya karne ya 18, lakini maandishi hayo yakabaki ukutani.

Tulipotoka, mzee alinipitisha kondeni kwake. Konde gani! Mawe matupu, matumbawe ya kale yaliyoinuka kutoka baharini, na udongo umejificha mashimoni. Mkulima wa kusini haufuati mstari. Anaufuata udongo ulipo, shina la muhogo hapa, kunde kule. Udongo mzito uko magharibi ya kisiwa, ndiko karafuu zilikostawi karne ya 19, na ndiko wenye mali walikokimbilia. Huku hawakukutamani. Wenyeji wakabaki na mawe yao, bahari yao na lahaja yao, ambayo sisi wa Mjini tunaicheka bila kuielewa.

Siku hizi wageni hufika Kizimkazi asubuhi na mapema, mbio mbio, kuwawahi pomboo. Sisi wenyewe hata pomboo hatuwaendei.

Ukipata nafasi, panda gari ya Kizimkazi, ushuke Dimbani kabla ya adhuhuri. Msikiti bado unasaliwa. Tia udhu, uingie.