Jembe Kabla ya Shoka
Somo: Luka 13:6–9



Tukihubiri mfano huu wa mtini usiozaa, wengi tunakazia ule mwaka mmoja ulioongezwa. Lakini soma tena polepole. Mtunza shamba hakuomba muda peke yake. Aliomba muda na akaahidi kazi: atachimba kuuzunguka mti na kuutia samadi. Muda bila jembe ni kuahirisha shoka tu.

Mzee mmoja wa kanisa letu analima mahindi na kufuga ng'ombe huko Trans Nzoia. Alinunua mashine kuukuu ya kumwaga samadi shambani, ile ya kukokotwa na trekta, kwa bei ya chuma chakavu. Ilikuwa imesimama nyuma ya zizi miaka mingi. Mimi nilisomea biashara, na kwa vitabu vya hesabu mali kama hiyo thamani yake ni sifuri. Unaifuta, unasonga mbele.

Fundi wa jua kali hakuanza na vitabu. Alichukua nyundo akagonga fremu kutoka mbele hadi nyuma, akisikiliza. Chuma kizima hulia. Kilicholiwa na kutu hutoa sauti butu. Fremu ikalia. Akasema, "Hii bado iko."

Hapo ndipo jasho lilianza. Samadi ya zamani ilikuwa imegandamana humo ndani, ikabidi itolewe kwa sururu. Kumbe ndiyo iliyoila mashine: ikiachwa humo na unyevu wake, huozesha mbao na kuleta kutu. Mbao za sakafu ziling'olewa zote. Cheni mbili zinazovuta samadi kwenda nyuma zililowekwa kwenye dizeli, na pingili zilizoisha zikabadilishwa sawasawa pande zote mbili, maana cheni moja ikiwa ndefu kuliko nyingine, vyuma vinavyosukuma samadi hukaa mshazari na kukwama. Mhimili wa nyuma unaoichanachana ukachomelewa meno mapya. Ikatiwa beringi mpya, grisi, na kifuniko cha shafti inayozungushwa na trekta, kwa sababu shafti hiyo ikinasa nguo haimwachilii mtu. Kabla ya mvua za kupanda, ilikuwa shambani ikifanya kazi.

Sasa wapendwa, tuongee ukweli. Mwisho wa mwaka tunasafisha rejista ya washirika. Orodha niliyoletewa ina majina 31 ya watu tusiowaona siku nyingi, na ninatakiwa kuweka sahihi wafutwe. Kuna kijana aliyekuwa akitupigia kinanda. Kuna mama aliyekuwa akifika alfajiri kufagia kanisa. Nimeuliza kamati swali moja: nani amewatembelea? Kukawa kimya. Basi sijaweka sahihi.

Msinielewe vibaya. Shoka lipo. Mtunza shamba mwenyewe alikubali kwamba mti usipozaa utakatwa, na mistari iliyotangulia Yesu anasema wazi kuhusu toba. Mshirika uliyepotea, ukisoma hapa, mwaka huu ni wako, usiuchezee. Lakini sisi tulio ndani hatuna ruhusa ya kushika shoka kama jembe halijaguswa.

Kwa hiyo wiki hii kila ushirika wa nyumbani uchukue majina mawili. Usitume meseji. Nenda, ubishe hodi, ukae. Samadi inanuka, jameni, na anayeibeba hunuka pia. Utasikia habari za madeni, pombe, ndoa iliyovunjika, pengine hasira juu yetu wachungaji. Usijitetee. Sikiliza kama yule fundi na nyundo yake, mpaka usikie mahali ambapo bado pazima, uanzie hapo.

Yesu hakutuambia kama ule mti ulizaa. Alituachia kazi yake.

Tuombe: Bwana, umetuvumilia sisi wenyewe miaka mingi. Tupe mikono isiyoogopa samadi, na utuonyeshe mlango wa kwanza wa kubisha. Katika jina la Yesu, amina.