Huyu Anafanana na Tapeli

Kwenye mipangilio ya Gmail kuna kidirisha ambacho wengi wetu hatujawahi kukifungua. Kinauliza maswali mafupi: barua imetoka kwa nani, mada yake ni ipi, ina maneno gani, haina maneno gani. Ukishajaza, kinauliza uifanye nini. Iruke kikasha? Iwekewe lebo? Isiwahi kutupwa kwenye taka? Ifutwe? Dakika mbili tu, umemaliza. Na katika hizo dakika mbili umetunga sheria itakayowahukumu watu ambao bado hawajakuandikia.

Chukua ofisi moja ndogo hapa Lodwar, ya shirika la kijamii, mojawapo ya zile zenye kibao kando ya barabara. Vyumba viwili, feni inayopiga kelele, karani mmoja, na anwani moja ya barua pepe iliyoandikwa kwa rangi chini ya kibao ili mwananchi yeyote aweze kuandika. Kila asubuhi karani anafungua kikasha na kukuta wauzaji wa wino wa printa, mialiko ya semina za kulipia, benki ambayo ofisi haina akaunti nayo ikidai nywila, na mjane wa jenerali fulani mwenye mamilioni ya dola yanayotafuta mwenyewe. Karani ni binadamu, anachoka. Siku moja anafungua kile kidirisha na kuanza kuandika. Barua yenye neno "urithi", futa. Yenye "haraka sana", futa. Yenye "naomba msaada" kwenye mada kwa herufi kubwa, futa. Yenye "mimi ni yatima", futa.

Hapo ndipo mambo yanakuwa magumu, kwa sababu kilomita kama 120 kutoka kwa hiyo ofisi kuna Kakuma.

Kambi ya Kakuma ilianza mwaka 1992, walipofika vijana waliotembea kutoka vita vya Sudan, wengi wao bila wazazi. Baadaye wakaja watu kutoka Somalia, Ethiopia, Kongo, Burundi. Ukimwomba kijana wa pale akuandikie barua ya kweli kabisa kuhusu maisha yake, kuna uwezekano mkubwa itakuwa na maneno haya: mkimbizi, baba aliuawa, yatima, kambi, naomba, tafadhali, Mungu akubariki. Sasa rudi kwenye barua za matapeli. Kwa miaka mingi, mojawapo ya hadithi zao kuu ilikuwa ya msichana aliye kwenye kambi ya wakimbizi huko Dakar, Senegal. Baba yake, tajiri, ameuawa vitani. Ameacha pesa benki. Anahitaji mtu mwaminifu wa kumsaidia kuzitoa. Wanaijeria waliipa familia hiyo ya ulaghai jina la 419, kifungu cha sheria yao ya jinai, na siku hizi waongo wa kila nchi wanauvaa.

Tapeli alichagua kambi kwa sababu kambi inagusa moyo. Aliazima mateso ya mtu mwingine, akayatumia mpaka yakachakaa, na sasa mwenye mateso yake akiyasimulia, mashine inamwambia: hadithi hii tumeshaisikia.

Si maneno tu. Angalia na tabia. Kijana wa Kakuma anatumia simu ya kuazima, au anaenda saiba ambako watu wengi wanatoka kwenye intaneti kupitia laini moja. Alisahau nywila ya akaunti ya mwaka jana, kwa hivyo amefungua mpya leo asubuhi. Jina lake lilikuwa limeshachukuliwa, basi ameongeza tarakimu sita mwishoni. Bando linaisha, hana muda wa kumwandikia kila mmoja barua yake, kwa hivyo amenakili ile ile na kuituma kwa mashirika thelathini kwa mpigo, na picha ya cheti cha KCSE imebandikwa. Akaunti mpya, jina lenye tarakimu, barua moja kwa watu wengi, kiambatisho, maneno ya dhiki. Ukimwambia mtaalamu yeyote akuchoree picha ya mtuma taka, atakuchorea huyu. Umaskini wa mtandao na utapeli wa mtandao vinavaa nguo moja.

Ni vizuri kujua mashine inafikiri vipi, maana haimchukii mtu. Mwaka 2002, mwanaprogramu Paul Graham aliandika makala kuhusu njia ya kupambana na taka, na makala hiyo ilibadilisha mambo mengi. Badala ya kuorodhesha maneno mabaya kwa mkono, alichukua rundo la barua nzuri na rundo la taka, akaiacha kompyuta ihesabu kila neno linaonekana mara ngapi upande upi. Hesabu yenyewe ni ya kale, inabeba jina la Thomas Bayes, mchungaji Mwingereza wa karne ya 18. Graham aligundua vitu vya kuchekesha. Kwa mfano ff0000, namba ya rangi nyekundu kwenye kurasa za mtandao, ilikuwa dalili ya taka yenye nguvu sawa na neno lolote la ponografia. Kumbe wauzaji wanapenda sana wino mwekundu.

Lakini kilichonivutia zaidi ni kitu kimoja kidogo ndani ya hesabu yake. Kila neno lililotokea kwenye barua nzuri alilihesabu mara mbili. Makusudi kabisa. Aliona kwamba kuipoteza barua halali ni kosa la aina nyingine, baya zaidi kuliko kuiacha taka moja ipite, na akaupinda mzani kuelekea upande wa kuamini. Hakuna hesabu iliyomlazimisha. Huo ulikuwa uamuzi wa maadili ulioandikwa kwa tarakimu.

Kila kichujio kina makosa mawili, na huwezi kuyaondoa yote. Ukikaza, unawatupa wasio na hatia. Ukilegeza, matapeli wanaingia. Watu wengi huishia hapo, wanasema basi tutafute katikati. Lakini hebu uliza nani analipa. Taka ikiingia, analipa karani: sekunde tatu, kidole kimoja, hasira kidogo. Barua halali ikitupwa, analipa aliyeandika, na malipo yake hayana kikomo. Anaweza kulipa muhula mzima wa shule. Na hatajua kamwe kwamba amelipa, kwa sababu barua ikitua kwenye taka hakuna ujumbe unaomrudia kumwambia. Kwake imeandikwa "imetumwa". Anangoja. Anayetunga kanuni ni yule ambaye kosa lake mwenyewe halimuumi, na kwa maoni yangu hilo pekee lingetosha kumfanya asite kabla ya kuweka alama kwenye "futa".

Kuna watakaosema: wacha basi, lawama ni ya tapeli. Ni kweli. Lakini ona vile hii inapindua hadithi tuliyofundishwa tukiwa wadogo, ya mchungaji aliyepiga kelele "Fisi! Fisi!" kwa mzaha mpaka siku fisi alipokuja kweli. Katika hadithi ile mwongo ndiye aliyeliwa mbuzi wake. Haki inatendeka, watoto wanalala. Kwenye barua pepe, mmoja anadanganya akiwa mbali huko na mbuzi wanaoliwa ni wa mwingine asiyemjua. Hapa kwetu mto ukikauka watu huchimba visima kwenye mchanga wa laga, na kila mtu anajua ukichafua kisima hujachafua maji yako peke yako. Imani ya wasomaji nayo ni kisima cha namna hiyo. Tofauti ni kwamba aliyekichafua hata hanywi hapa.

Sisemi tuvue vichujio. Wa kwanza kuumia angekuwa yule yule kijana wa Kakuma. UNHCR imesema mara nyingi kwamba huduma zake ni za bure, na sababu ya kulisema mara nyingi ni kwamba kuna watu wanaouza fomu na ahadi za kuhamishiwa Kanada au Australia. Ujumbe wa "lipa ada ndogo tushughulikie viza yako" unamtafuta mwenye hamu kubwa zaidi ya kuuamini. Sote Kenya tumelelewa na "tuma kwa hii namba", tunajua. Kichujio kinachomkinga mama asitume akiba yake kwa mwizi kinafanya kazi ya heshima.

Swali langu ni kwenye kufanana. Je, ni haki kumhukumu mtu kwa kufanana na watu wengine? Barabarani tunalijua jibu. Mkimbizi akitaka kutoka kambini lazima awe na kibali cha kusafiri, na gari likisimamishwa kizuizini abiria wanajua ni sura zipi zitaombwa karatasi kwanza. Tunapoona hivyo tunalalamika, na tuna haki ya kulalamika. Kisha tunarudi ofisini na kuandika kanuni: ikitoka kwa mtu wa aina hii, futa. Askari wa kizuizini angalau anaonekana. Unaweza kubishana naye, kumwonyesha kibali, kumwambia "afande, niangalie vizuri".

Turkana hii ina historia na vichujio vinavyoonekana. Baada ya kesi ya Kapenguria mwaka 1953, Jomo Kenyatta na wenzake walifungwa Lokitaung, kaskazini huko. Kutoka kwa gereza la namna hiyo, barua hupitia kwa wakubwa kwanza. Wafungwa walijua. Na kwa kuwa walijua, walitafuta njia nyingine: Juni 1958 gazeti la Observer la London lilichapisha barua ya wafungwa wa Lokitaung wakilalamikia hali yao. Mwaka uliofuata Kenyatta aliletwa hapa Lodwar. Ukijua kuna ukuta, unatafuta tundu. Kijana aliyeandika akaona "imetumwa" hatafuti tundu lolote, maana hajui kwamba kuna ukuta.

Pingamizi lililo na nguvu kuliko yote ni hili: macho yangu ni yangu, sina deni la kusoma barua ya mtu yeyote. Nakubali, kwa akaunti yako binafsi. Ukitaka zuia hata shangazi yako, hiyo ni kati yako na mkutano wa familia. Lakini anwani iliyopakwa rangi kwenye kibao ni ahadi. Imesema: niandikie. Sanduku la maoni la mbao, lile lenye kufuli, hata kama halifunguliwi mara nyingi, halimezi karatasi zingine na kuziacha zingine kwa kutazama mwandiko. Shirika linalosema kwa wafadhili kwamba linasikiliza jamii, huku kikasha chake kinafuta neno "yatima", linadanganya kwa njia ambayo hata lenyewe halijui.

Na kichujio hufanya kazi ncha zote mbili. Kijana yule yule huomba ufadhili. Kuna DAFI ya UNHCR, iliyoanza 1992, kuna mpango wa wanafunzi wakimbizi wa WUSC ya Kanada, wa tangu 1978. Majibu hutumwa kwa watu wengi kwa pamoja, yana viungo vya kubofya, yana tarehe ya mwisho, mara nyingine yana neno "hongera". Kwa mashine, hiyo ni bahati nasibu. Gmail huweka taka siku 30, kisha hufuta. Mtu asiye na bando la kila siku, anayefungua barua pepe mara moja kwa mwezi akiwa saiba, siku 30 zinampita bila hata yeye kujua zilianza.

Basi ningekuwa mimi karani? Ningeanza na watu wa kuruhusiwa kabla ya watu wa kuzuiwa: anwani za shule, za makanisa na misikiti, za machifu, na kuziwekea ile alama ya kutotupwa kwenye taka. Ningechuja kile barua inachotaka nifanye, kama kutoa nywila, kutuma pesa, kubofya kiungo cha ajabu, na ningeyaacha maneno ya dhiki yapite. Alama ya "futa" singeigusa kabisa. Ningeweka lebo, na Ijumaa mchana, joto likiwa limeshinda kila mtu, mmoja wetu angekaa chini ya feni na kuipitia. Na singebonyeza "ripoti kuwa taka" kwa mtu anayesumbua tu. Yule aliyeandika mara kumi na moja kuhusu karo ni msumbufu, tapeli ni mtu mwingine. Ukibonyeza hapo unamfundisha Google, na funzo hilo linaweza kumfuata kwenye vikasha vingine usivyovijua.

Bado itabaki ile barua moja Ijumaa, isiyoeleweka. Mimi ni yatima, niko Kakuma, baba yangu aliuawa, naomba msaada wa karo, Mungu awabariki. Huwezi kujua kwa kuitazama. Mwandikie, muulize swali dogo: ni shule gani, mwalimu wake mkuu ni nani. Mmoja atakujibu baada ya dakika nne, aya ndefu, na namba ya kutuma pesa. Mwingine atakujibu baada ya siku tisa, mistari miwili, kwa sababu mwenye simu alikuwa amesafiri.