Neno Lililoandikiwa Mwingine

Nina ugonjwa mmoja ambao watu wa nyumbani kwangu wanaujua vizuri: ninakusanya vitabu vya hadithi za kutisha. Sikusanyi kila kitabu. Nataka chapa ya kwanza, yenye karatasi yake ya kufunikia jalada, na ikiwezekana yenye sahihi ya mwandishi mwenyewe. Nilianza nilipokuwa masomoni Uingereza, katika maduka ya vitabu vikuukuu ya Charing Cross Road, London, na hadi leo sijapona. Mke wangu husema kwamba watu wengine hulipa ili waondolewe hofu, mimi nalipa ili nitiwe, na kwamba vitabu vyenyewe sivifungui kwa kuogopa kuvichakaza. Sina la kumjibu.

Lakini swali ninalotaka kulizungumza hapa si la fedha. Ni hili: mwandishi akishika kalamu, akaandika ndani ya kitabu chake maneno ya kumpa mtu fulani, kisha kitabu hicho kikaja kuuzwa, huyo mnunuzi amenunua nini hasa?

Sisi wakusanyaji tunatofautisha mambo mawili. Kuna sahihi tupu, yaani jina la mwandishi na basi. Mwaka 1980 riwaya ya Stephen King iitwayo Firestarter ilitolewa na Phantasia Press katika toleo maalumu la nakala 725 zenye namba na sahihi, na nyingine 26 zenye herufi kutoka A hadi Z, ambazo zilijalidiwa kwa kitambaa cha asibesto kisichoshika moto, kwa kuwa hadithi yenyewe ni ya msichana anayewasha moto kwa nguvu ya akili yake. Sahihi zile hazikumlenga mtu. Zilikuwa za yeyote mwenye fedha, wala hapo sioni ubaya.

Kisha kuna nakala iliyoandikiwa mtu. Riwaya ya Frankenstein ilitoka London tarehe 1 Januari 1818, nakala 500 tu, katika juzuu tatu, bila jina la mwandishi. Mary Shelley alikuwa ameianza akiwa na umri wa miaka 18, kando ya ziwa la Geneva, baada ya Lord Byron kuwataka wageni wake kila mmoja atunge hadithi ya mizimu. Mwaka 2011 katika maktaba ya familia moja ya Uingereza ilionekana juzuu ambayo Mary alimpelekea Byron. Ndani aliandika tu kwamba inatoka kwa mwandishi. Jina lake hakulitaja hata hapo, kwa sababu Byron hakuhitaji kuambiwa. Maneno yale machache yanabeba usiku ule mzima wa ziwani.

Sasa tazama jinsi soko linavyopima. Aliyeandikiwa akiwa Byron, bei hupanda hadi mawinguni. Aliyeandikiwa akiwa mtu asiyejulikana, mara nyingi bei hushuka chini ya ile ya sahihi tupu. Jina lake huhesabiwa kuwa doa. Yaani mwandishi akitoa neno la moyoni kwa mtu wa kawaida, neno hilo linaharibu mali. Jambo hili nililijua na kulicheka kwa miaka mingi, mpaka lilipofika mlangoni pangu.

Mwaka wangu wa mwisho wa masomo, katika duka moja, nilikuta riwaya ya mwandishi ambaye sitamtaja. Ndani, kwa wino wa buluu, alikuwa ameandika jina la mwanamke, na chini yake maneno ya kumshukuru kwa kukesha na mama yake mzazi hospitalini majuma ya mwisho. Muuzaji aliniambia kwa masikitiko kwamba lile jina lisingekuwapo, angedai mara tatu ya bei ile. Nilishangilia moyoni, nikalipa upesi. Nilipofika chumbani nikakuta katikati ya kurasa bahasha tupu yenye jina lile lile, pamoja na anwani ya mji mdogo wa kaskazini.

Siku ile ile nilijua la kufanya, na sikulifanya. Nilijiambia kwamba huenda mama yule amekwisha kufa. Huenda alikiuza mwenyewe. Na kwa vyovyote mimi nimenunua kihalali, risiti ninayo. Hakuna hoja hata moja kati ya hizo iliyokuwa ya kipuuzi, ila sababu yangu haikuwa mojawapo. Niliogopa kwamba angekitaka.

Niliandika barua baada ya miaka minne, nikiwa nimekwisha kurudi nyumbani. Alinijibu binti yake. Mama alikuwa amehamishiwa makao ya wazee, na nyumba iliposafishwa kitabu kilitolewa kwa makosa pamoja na nguo. Alikiulizia mara nyingi. Alifariki miezi minane kabla barua yangu haijafika. Binti hakunilaumu hata kwa neno moja. Aliuliza bei tu.

M. R. James, msomi wa Cambridge aliyewasomea rafiki zake hadithi za mizimu usiku wa Krismasi, ana hadithi moja ya mwaka 1925, A Warning to the Curious, ya kijana aliyefukua taji la kale kisha akalirudisha ardhini. Kulirudisha hakukumwokoa. Nilipoisoma ujanani niliona mwandishi amezidisha ukatili. Siku nilipokipeleka kitabu kile posta, bila bei, nilimwelewa zaidi.

Rafiki yangu mmoja, naye mkusanyaji, aliniita mjinga. Alisema binti naye atakufa, kitabu kitafika mnadani, na mimi nitakuwa nimepoteza bure. Akaniuliza kama na ile nakala ya Byron irudishwe kwa vitukuu. Swali lake ni la haki. Nadhani jibu liko katika neno letu la amana. Byron alikufa mwaka 1824, na hakuna tena anayekesha akiliwazia neno lile. Anayelitunza sasa anatutunzia sote. Lakini aliyeandikiwa akiwa bado hai, au wa kwake akiwa bado analiulizia, mnunuzi amenunua karatasi, wino na jalada. Neno ameshikishwa tu. Na amana haingoji mwenyewe aje kuidai. Wajibu wa kwanza ni wa aliyeishika.

Tangu hapo nina desturi. Nikipata kitabu kilichoandikiwa mtu ninayeweza kumpata, naandika barua kwanza, kabla sijakitafutia nafasi kwenye rafu. Mara mbili barua zangu hazikujibiwa. Mara ya tatu mzee mmoja alinijibu kwa mistari miwili: kwamba alikiuza mwenyewe alipohitaji kodi ya nyumba, hakijutii, na ananitakia usomaji mwema. Kitabu hicho ninacho, na hicho huwa nakifungua.